Dhahabu Iliyoshika Kitunguu Saumu

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 23 Aprili 1995

Kwa dada yangu Munira,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha Mama nyuma ya nyumba. Mvua imekatika tangu adhuhuri na kuku wa jirani wameanza kutoka. Je, kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimepoa? Shemeji Suhaib hajambo? Na wanao, yule mdogo ameshaacha kula udongo? Huku kwetu hatuna neno. Mama ni mzima. Mguu humuuma mvua ikinyesha, lakini akiitwa kwenye harusi husahau kwamba anaumwa. Umeme unakuja na kuondoka upendavyo. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina, na hayo yaliyoninyima usingizi ndiyo ninayokuletea.

Barua yako ilifika Alhamisi, na Mama alinisomesha mara mbili. Tumeelewa kwamba unakuja kwenye harusi ya Mwanakombo wa mjomba, Jumamosi ya tarehe sita, na kwamba unataka kidani chako, kile alichokununulia Baba, kitolewe kwenye kijaluba kisuguliwe ili ukivae. Nitakujibu kuhusu kidani, ila sitakujibu hapa juu. Nakujua, dada, tangu utoto kitabu chochote ulikuwa unakianza kwa ukurasa wa mwisho. Safari hii nakuomba usome kwa mpangilio, maana ukianzia chini utanikasirikia kabla hujajua nilichokiona.

Nilichokiona ni tone la maji. Usicheke kwanza. Miaka mitatu niko Mlimani nasoma kemia, na kila nikija likizo mnaniuliza nimejifunza nini, nami nawajibu maneno ambayo hata mimi mwenyewe yananichosha. Leo nina jambo moja la kukuambia, na nikikueleza utaliona kwa macho yako, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha salfa ni kitu gani. Unakumbuka? Ulikuwa kidato cha nne, ukaleta kipande cha kibiriti upele kwenye karatasi, ukakiwasha uani, Mama akatufukuza kwa ajili ya ule moshi. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kukwambia, lakini siku ile ndiyo niliyoamua.

Basi mwaka huu kila mwanafunzi wa mwisho lazima afanye utafiti wake mdogo. Wenzangu walichukua maji ya visima, udongo wa Pugu, mafuta ya maganda ya korosho. Mimi nikaangukia kwa Dk. Adelard. Huyu ni mhadhiri wetu, mtu wa Bukoba, mpole sana, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya na kichupa kidogo alichokifunga ndani ya soksi kisivunjike. Alisema kile kichupa ndicho utafiti wenyewe, na kwamba hakuna mwanafunzi aliyekitaka kwa sababu hakuna aliyeelewa kina nini. Nami sikuelewa, lakini nilisema nakitaka.

Alinichorea kwenye karatasi. Alichora mstari, akasema huo ni uso wa metali. Juu yake akachora vijitu vyembamba, kila kimoja kina mguu mmoja na mwili mrefu. Mguu ni salfa, akasema, na mwili ni mnyororo wa mafuta. Ukiviyeyusha ndani ya spiriti, ukatumbukiza humo kipande cha fedha au dhahabu na kukiacha mpaka kesho yake, vijitu vile vitakwenda vyenyewe bila kuamriwa na mtu. Kila kimoja kitakanyaga metali kwa mguu wake wa salfa na kuishika kwelikweli, kisha vitajipanga bega kwa bega mpaka nafasi iishe. Unapata utando ambao unene wake ni urefu wa kijitu kimoja tu. Huuoni kwa macho, wala kwa darubini yoyote tuliyo nayo pale. Nikamuuliza tutajuaje basi kama upo. Akasema tutaweka tone la maji juu yake. Maji na mafuta hayapatani, kwa hiyo vijitu vikiwa vimejipanga sawasawa, tone litasimama kama ushanga. Vikijipanga ovyo, tone litalala.

Sasa sikiliza kilichonikosesha usingizi. Kijitu ni kilekile, kimetoka kichupa kimoja, lakini juu ya fedha kinasimama karibu wima, na juu ya dhahabu kinainama upande. Nilidhani Dk. Adelard anatania. Akanipa fotokopi za majarida, na kweli, wenye mashine kubwa huko nje wameshapima. Sababu ni namna mguu unavyoshika. Kwenye fedha miguu inakanyaga karibu karibu, hivyo miili inabanana na kusimama. Kwenye dhahabu kila mguu una mahali pake unapopapenda, na pale pako mbali kidogo na pa jirani. Miili haitaki uwazi katikati, kwa hiyo yote inalala upande mmoja ili igusane. Nikakumbuka maulidi ya pale kwa Mzee Fakihi, safu nzima ya watu kwenye mkeka, wakiinama pamoja kama mtu mmoja. Nilimweleza Dk. Adelard, naye akaniomba nimfafanulie maulidi hukaliwa vipi, akaandika kwenye daftari lake.

Tukaanza na fedha. Chuoni kulikuwa na waya wa fedha tu, mwembamba, tone halikai. Nami nikakumbuka ile bangili pana ya Mama. Unajua kazi ya Mama ilivyo: asubuhi yumo jikoni kwa watu anaponda vitunguu saumu vya pilau ya harusi, alasiri yumo chumbani kwa bibi harusi anampaka hina. Bibi harusi hawezi kupakwa hina na vidole vinavyonuka saumu. Ndiyo maana kila akimaliza kuponda huvisugua vidole vyake kwenye bangili chini ya maji, na harufu inabaki kwenye bangili. Bangili nayo inaingia weusi, na kila Alhamisi anaisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae. Mimi na wewe tumeona jambo hilo tangu tunazaliwa, na hakuna aliyewahi kuuliza harufu inakwenda wapi.

Niliichukua bangili Ijumaa moja asubuhi, imetoka kusuguliwa. Niliichukua bila kuomba, dada, nakwambia mapema. Nikaitumbukiza kwenye spiriti yenye vijitu, nikaiacha, na Jumamosi nikaitoa kwa koleo. Chombo chetu cha kupimia ni projekta ya zamani ya slaidi. Unaweka tone mbele ya taa yake, kivuli kinatokea ukutani kikubwa kama sufuria, nami napima pembe ya tone kwa kipimapembe. Ni kile cha mkebe wako wa hesabu, mkebe ulioniachia. Tone lilisimama. Digrii mia moja na kumi. Nikainamisha bangili kidogo, tone likakimbia lote, likaacha pakavu. Dk. Adelard alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaniambia niweke jingine.

Baada ya hapo ikabaki dhahabu, na chuo hakina dhahabu. Dk. Adelard alisema basi tuandike fedha peke yake. Lakini utafiti mzima ulikuwa ni kulinganisha, namna metali inavyoshika na namna utando unavyokuwa. Bila dhahabu nilikuwa na nusu ya jambo. Ikawa kila nikilala naona nusu ile nyingine.

Dhahabu nikaipata. Nilivyoipata utakuta chini. Nasim, ambaye tunasoma naye darasa moja, baba yake ni sonara. Ni Mzee Mohamedraza, mwenye karakana ndogo kule Kinondoni, na babu yake Nasim naye alikuwa sonara hapohapo. Mzee yule alinitengenezea vibati vitatu bapa, kila kimoja kama stempu ya barua. Maabara yetu droo zake hazina funguo, kwa hiyo nikawa narudi navyo nyumbani kila jioni ndani ya kikopo cha peremende na kukiweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika. Nani angetafuta dhahabu pale?

Na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Wiki ya kwanza tone likalala. Digrii themanini. Nikaosha kibati kwa spiriti, nikarudia, sabini na tano. Nikarudia, tisini upande mmoja na sabini upande wa pili, kibati kilekile. Ukikiinamisha, tone halikimbii, limeng'ang'ania. Bangili ya fedha, iliyokaa kwa mtu anayeponda saumu miaka ishirini, ilikubali siku ya kwanza. Dhahabu, ambayo haiingii kutu wala weusi, ambayo niliitoa inang'aa na kuirudisha inang'aa, ikanikatalia wiki tano. Nililia chooni chuoni, Nasim akasimama mlangoni kuzuia watu. Dk. Adelard alinipa mpaka katikati ya Aprili. Alisema kwa upole, jambo lililonitia uchungu zaidi, kwamba si kila utafiti hujibu.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya tarehe moja. Mama alikuwa na pilau ya hitima hapa jirani, na alasiri alitakiwa Segerea kumpaka hina binti mmoja. Nilitoka chumbani kutafuta chai, nikamkuta uani amechutama kwenye ndoo, kamaliza kuponda saumu, anasugua vidole. Anasugua kwenye kibati changu.

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nimeona jini. Nikamuuliza tangu lini anafanya hivyo. Akasema tangu bangili yake ilipopotelea kwa wale watu wa Gongo la Mboto kwenye harusi, na kwamba ameshatuma mtu mara mbili kuwauliza nao wanajifanya hawajui. Alipokuwa anaitafuta ndipo alipoviona vile vishaba vyangu vya shule nyuma ya birika, akaona avitumie tu, anavirudisha palepale. Akavisifu sana. Alisema shaba hii ya shule ni nzuri kuliko fedha, kwa sababu haiingii weusi hata kidogo, basi mie niwaulize walimu wangu inapatikana duka gani.

Dada, sikujua nicheke au nijitupe kisimani. Watu wa Gongo la Mboto walikuwa wanaitwa wezi kwa ajili yangu. Lakini papo hapo, nikiwa bado nina kikombe mkononi, nikaona jambo lote kwa pamoja. Saumu inanuka kwa sababu ya salfa. Harufu ile ni vijitu vifupi, vina mguu uleule wa salfa na mwili mdogo tu. Mama akisugua vidole, vijitu vile vinahama kutoka kwenye ngozi na kwenda kushika metali. Juu ya fedha weusi ulitutangazia, ndiyo maana Mama alikuwa anausugua kwa majivu na ndimu na kuutoa. Juu ya dhahabu havikutangaza chochote. Vilikuwa vimekaa kwenye mkeka tangu alfajiri, vifupi vile, na vijitu vyangu virefu vilipofika vilikuta nafasi zimeshachukuliwa. Vikajipenyeza hapa na pale, vimesimama ovyo, na tone likalala. Kila mtu anajua dhahabu haichafuki. Nami nilijua hivyo, ndiyo maana sikuisafisha kwa dhati hata siku moja.

Nikaenda chumbani nikaleta bangili, niliyokuwa nimeificha huko ili utando wake usiharibike kabla sijaulinganisha na wa dhahabu, nikamkabidhi Mama. Akaitazama, akanitazama, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akavaa bangili, akavaa baibui, akaenda Segerea kupaka hina. Nilimwahidi kwamba Gongo la Mboto nitakwenda mwenyewe kuomba radhi, na Jumapili yake nilikwenda. Walinipa chai, jambo ambalo sikustahili.

Jumatatu nikakimbilia Kinondoni na kichupa changu cha ile spiriti yenye vijitu. Mzee Mohamedraza aliweka kibati cha kwanza juu ya kipande cha tofali, akakipulizia moto kwa kibomba chake mpaka kikawa chekundu kote. Kikapoa kidogo, tukakitia moja kwa moja ndani ya kichupa palepale karakanani, asikiguse mtu. Nilikishika kichupa mapajani mpaka Mlimani kama mtu aliyebeba mtoto wa siku saba. Siku ya pili yake umeme ulikatika, tukangoja hadi saa kumi alasiri. Uliporudi nikaweka tone, na ukutani kivuli kikatokea kimesimama, cha mviringo, kimebana kwenye kitako. Digrii mia moja na kumi na moja. Nilipiga kigelegele, dada, ndani ya maabara ya chuo kikuu, na walinzi wakaja.

Sikukomea hapo. Kibati cha pili tulikichoma, kisha tukapaka saumu nusu yake tu, nusu nyingine tukaiacha safi, ndipo tukakitumbukiza. Ungeona. Matone mawili kwenye kibati kimoja cha ukubwa wa stempu, moja limesimama na jingine limelala, na katikati mpaka umenyooka kama umepigwa rula. Cha tatu tulikipa saumu dakika moja tu, na hata hiyo dakika moja ilitosha kuharibu. Nilifanya yote mara nne. Mama alinipondea saumu mwenyewe, akisema kama kazi yake ni kuharibu basi aharibu kitaalamu.

Jumatano iliyopita ndiyo nilisimama mbele ya wahadhiri watatu. Mmoja wao, mgeni, alisikiliza kwa uso mkavu, kisha akauliza nimejuaje kwamba kosa halikuwa dhahabu ya mtaani yenye mchanganyiko. Nikawasha projekta, nikaonyesha kile kibati cha nusu kwa nusu. Nikasema dhahabu ni moja, moto ni mmoja, kichupa ni kimoja, tofauti ni nani aliyewahi kushika. Nikaeleza vidole, bangili na bibi harusi wa Segerea. Walicheka. Halafu yule mgeni akaomba kibati, akadondosha tone mwenyewe, akadondosha tena. Alasiri Dk. Adelard aliniita ofisini, akaniambia nafasi ya shahada ya pili ipo kuanzia mwaka ujao, anataka niichukue, na kwamba matokeo haya tutayaandika pamoja tuyapeleke kwenye jarida. Nilirudi Temeke kumwambia Mama.

Alhamisi barua yako ikafika.

Mficha uchi hazai, dada, na sasa nimefika chini ya ukurasa. Dhahabu ile ni kidani chako.

Nilikitoa kwenye kijaluba Jumamosi moja ya Februari, Mama akiwa Kawe kwenye harusi. Kilikuwa bado kimeviringishwa kwenye ile pamba uliyoiweka mwenyewe siku unaolewa, uliposema Tanga utakwenda na nguo tu na kidani kibaki kwa Mama, kisije kikapotea njiani. Nilikipeleka Kinondoni. Mzee Mohamedraza alikigeuza, akaliona lile ua la yasmini lililochongwa. Akasema huu ni mkono wa marehemu baba yake. Akaniuliza ni cha nani. Nikasema cha kwetu. Akaniuliza tena, cha kwenu nani. Nikasema ni cha dada yangu, yuko Tanga. Akaniuliza mara ya tatu, huyo dada ameridhia? Nikasema ameridhia. Tone la maji linataka uso bapa, na ua lako lilikuwa na mabonde. Nilisimama pale nikatazama likipigwa nyundo mpaka likaisha.

Utauliza kwa nini sikukuandikia. Barua ya Tanga ni siku nne, na wakati nilikuwa nao. Nimejiuliza mwenyewe siku hizi tatu, na jibu nililolipata si zuri. Sikuogopa kwamba utakataa. Nilijua utakubali. Baba alipokufa na ikabidi mmoja wetu aache shule, ulisema wewe umeshasoma vya kutosha, nawe ulikuwa wa kwanza darasani kwa kemia. Ukanipa mkebe wako wa hesabu, ukanipa madaftari yako, ukaenda kushona mashuka kwa watu. Kila nilichonacho umenipa wewe. Safari hii nilishindwa kunyoosha mkono tena. Niliona afadhali niibe kuliko kupewa na wewe kwa mara nyingine. Ni wazimu, najua, na nimeona aibu kuliandika, lakini ndio ukweli wangu na sina mwingine.

Mama amejua Ijumaa. Alifungua kijaluba ili akisugue kidani kama ulivyoomba, akakuta pamba. Nikamweleza yote. Alicheka kwanza, kwa sababu alielewa kwamba wiki tano alikuwa anafutia saumu kwenye dhahabu ya mumewe. Kisha akalia. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema mie simo, mwandikie mwenyewe, na barua ifike kabla ya harusi ili Munira alie kwake, asilie mbele za watu.

Jana nikarudi kwa Mzee Mohamedraza kumwambia kwamba nilimdanganya. Alisema alijua tangu siku ile, maana mtu aliyepewa ruhusa hatazami mlango kila dakika. Nikamuuliza kwa nini basi alipiga nyundo. Akasema alitaka kunirudisha, ila alimwona bintiye Nasim nyuma yangu akimwomba kwa macho, na tangu siku ile nafsi imekuwa ikimsuta. Halafu akafungua droo, akatoa donge la nta. Kabla ya kupiga nyundo alikuwa amekikandamiza kidani humo, na ua lako limo, majani yote matano. Anaweza kukitengeneza upya kutoka vibati vitatu, uzito uleule, kwa siku nne. Ila amesema nikwambie bila kukuficha, ua litakuwa mkono wake, halitakuwa lile la baba yake.

Mjomba Marijani anaondoka kesho asubuhi kuja Tanga, na atageuza Ijumaa. Ndani ya barua hii, kwenye kitambaa cheupe kilichoshonwa pande zote, kimo kibati cha kwanza, kile kisicho na saumu. Viwili vingine viko kwa Mzee Mohamedraza vinakungoja wewe. Ukitaka kidani, mrudishie Mjomba kibati, na Ijumaa hiyohiyo nitakipeleka Kinondoni, utakivaa kwenye harusi. Moto utaula utando, nami sitasikitika, maana nimeshaandika. Ukitaka nikukome na nisije kukupokea stendi, mwambie Mjomba, nitaelewa.

Lakini kabla hujaamua, naomba jambo moja. Usikishike kwa vidole, hasa kama umetoka jikoni. Kikamate pembeni kwa kibano cha nywele, ukiweke mezani penye mwanga, udondoshe tone moja la maji kwa ncha ya njiti ya ufagio. Liangalie kutoka ubavuni. Litasimama, dada. Kisha mwonyeshe shemeji na watoto, uwaambie chini ya tone lile wamejipanga wengi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa, wote wameshika dhahabu yako kwa mguu mmoja, wote wameinama upande mmoja.

Kwenye taarifa ya utafiti kuna ukurasa wa vifaa, ambapo kila kitu unaandika kimetoka wapi. Kichupa kimetoka Ulaya, spiriti imetoka stoo ya chuo. Kwenye dhahabu niliandika Munira Suleiman, Tanga. Dk. Adelard alipofika hapo alisimamisha kalamu, akauliza hiyo ni kampuni gani, maana hajapata kuisikia. Nikamwambia si kampuni, ni mwanafunzi wa kemia aliyenitangulia.

Nisalimie shemeji Suhaib kwa heshima zote, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anakusalimu, anasema uje na khanga zake mbili. Nasim naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu akulinde, na moyo wako uwe mpana kwangu kama ulivyozoea kuwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye furaha,

Najma Suleiman